Kete ya Nane

Mwalimu wa taaluma wa shule yetu alitangaza kifo cha chesi kwenye kikao cha walimu, mie nikiwa na kipande cha muhogo mdomoni.

Ilikuwa ajenda ya nne. Mzazi mmoja alikuwa ameahidi kutuletea kompyuta kumi zilizotumika, na shule haikuwa na pa kuziweka. Chumba chenye nondo madirishani na mlango wa chuma kilikuwa kimoja tu, stoo ya zamani ya vitabu. Humo ndimo kila Jumatano baada ya vipindi nilikuwa nakaa na wanafunzi kama ishirini, wengi wao wasichana, tukicheza chesi kwenye bodi nne za plastiki na moja ya mti.

Nafundisha hisabati Mbagala, huu mwaka wa kumi na nne. Nazijua shule zetu: chumba kimoja kina wachumba watatu. Kama angeomba chumba tu, ningenung'unika kidogo kisha ningehamisha kete zangu. Watoto wa Mbagala wanahitaji kompyuta kama watoto wa kwingine kokote, na mie siwezi kusimama mlangoni kuwazuia.

Lakini hakuishia hapo. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akasema, "Isitoshe, ndugu walimu, hiyo chesi yenyewe kompyuta zilishaimaliza zamani. Hakuna kilichobaki. Sasa ya nini kumfundisha mtoto mchezo uliokwisha?"

Walimu wakacheka. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye ndiye katibu wa vikao, akainamia daftari akaandika. Nilimwona anaandika. Sentensi yote.

Nikameza muhogo. "Siyo kweli," nikasema.

"Nini siyo kweli?"

"Kwamba imekwisha. Haijaisha."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mwalimu wa taaluma si mtu mbaya, ila ana tabia ya kukutazama kwa huruma unapobishana naye, kama vile umekuja kuomba ruhusa ya kwenda msibani. "Mwalimu mwenzangu," akasema, "bingwa wa dunia mwenyewe hawezi kuifunga kompyuta. Hilo mbona hata watoto wanalijua."

Mkuu wa shule aligonga meza kwa kalamu. Ni mama wa maneno machache. "Una ushahidi, Mwalimu?"

"Nitaleta, Mkuu."

"Kikao kijacho, basi. Tuendelee."

Ukweli ambao sikumwambia mtu siku ile ni kwamba sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa nimebisha kwa hasira tu. Nilitoka mle, nikajifungia stoo, nikakaa juu ya rundo la vitabu vya jiografia vilivyoliwa na mchwa, nikajiuliza: na kama anasema kweli?

Chesi sikuzaliwa nayo. Nilikulia nyanda za juu, kwenye baridi na viazi, kwa baba katekista ambaye karata kwake zilikuwa ni za shetani na drafti ilikuwa ya wavivu. Nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na mbili, baada ya kuteleza kwenye ngazi za shule wakati wa masika na kuvunjika kifundo cha mguu. Wiki saba nilikaa nyumbani na plasta. Chumba cha pili kwenye nyumba tuliyopanga aliishi fundi mchongaji kutoka upande wa Newala, aliyekuwa anachonga seti za chesi kwa ajili ya duka moja la mjini. Alijifunza kuicheza kwa sababu, alivyoniambia, huwezi kumchonga farasi usiyejua anaendaje. Alikuwa na seti thelathini ndani na hakuwa na mtu hata mmoja wa kucheza naye. Basi akaniona mie nimekaa barazani na mguu juu ya ndoo.

Hakunionea huruma. Alinifunga mara arobaini kabla sijapata sare ya kwanza, na siku hiyo alikasirika hadi akaondoka bila kuaga. Baadaye alirudi kusini. Aliniachia seti moja yenye dosari, askari mmoja mweusi ana ufa kichwani, na ndiyo iliyoanzisha klabu ya shule.

Kwa hiyo swali la mwalimu wa taaluma halikuwa la chumba. Ningeweza kucheza chini ya jua. Lakini kama mchezo ulikuwa umekwisha kweli, kama mahali fulani kuna mashine inayojua kila kitu kuhusu zile mara arobaini, basi tulikuwa tunafanya nini pale barazani, fundi na mie?

Jumatano iliyofuata habari ilikuwa imeshafika kwa wanafunzi. Habari za kikao cha walimu haziwahi kuchelewa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mfupi, mbishi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, aliniuliza huku anapanga kete zake.

"Shikamoo, Mwalimu. Eti ni kweli chesi imeisha?"

"Marahaba. Nani kasema?"

"Mwalimu wa taaluma. Kasema darasani, mbele ya watu wote."

Kumbe alikuwa analitembeza. Ningeweza kumwambia yule mtoto hapana, amekosea, akafurahi. Lakini siku zote nawaambia wanafunzi wangu wasiandike jibu wasiloweza kulionyesha njia. Nikamwambia, "Sijui bado. Nalitafuta."

Akafikiri. "Mie hata ikiwa imeisha," akasema, "mie sijaicheza." Akasogeza askari wa mbele ya mfalme, akakunja mikono kunisubiri.

Jumamosi nikaenda Kimara kwa mdogo wangu. Ni fundi wa programu za kompyuta, anafanyia kazi nyumbani, kwenye chumba kisicho na kitu zaidi ya meza, feni na nyaya. Mke wake alinipa chai, nikamweleza mdogo wangu yote, nikisubiri aungane nami kumsema mwalimu wa taaluma.

Akacheka. "Dada, kwenye kufungwa yuko sahihi. Kompyuta ilishawapita watu zamani sana. Programu ya kwenye simu yangu hii inamfunga bingwa wa dunia asubuhi, mchana na jioni."

"Kwa hiyo imekwisha?"

"Hapana. Sasa hapo ndipo anapochanganya." Akavuta kiti. "Kukushinda wewe ni kitu kimoja. Kuumaliza mchezo ni kitu kingine. Mimi nakushinda mbio, sivyo? Je, nimeimaliza barabara?"

Nikamwambia aache mafumbo, mie mtu wa hesabu.

"Haya. Kuumaliza maana yake ni hivi: kabla hata kete ya kwanza haijasogea, ujue kwa uhakika kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa, mwisho ni huu. Labda mweupe anashinda. Labda ni sare. Na uweze kuthibitisha, kama nyie mnavyothibitisha kwenye jometri. Hilo la chesi hakuna anayelijua. Wengi wanahisi ni sare, lakini wanahisi tu."

Akafungua kompyuta yake, akanionyesha. Watu wamechukua bodi yenye kete chache, wakaanza kuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma, wakajaza majibu kwenye ghala kubwa la kompyuta. Kete tatu, wakamaliza. Nne, tano, sita. Sasa wamemaliza saba, ukihesabu na wafalme wawili humo humo. Weka kete saba popote pale unapotaka, ilimradi sheria inaruhusu, na ghala litakujibu bila kusita: huyu anashinda, huyu anashindwa, hii sare. Alinionyesha moja ambayo ushindi wake unahitaji hatua zaidi ya mia tano. Mtu angeicheza mpaka ndevu ziote. Nikaitazama hatua moja baada ya nyingine na sikuelewa hata moja. Kete zilikuwa zinazunguka kama kuku walioona mwewe. Hapo niliogopa kidogo, sitaficha.

"Sasa ongeza kete ya nane," akasema mdogo wangu.

Nikaongeza askari mmoja mweusi pembeni. Ghala likasema halina jibu.

"Moja tu?"

"Moja tu. Watu wanahangaika na nane sasa hivi. Zipo chache wanaweza kuzitafuta moja moja wakazipata, lakini zote kwa pamoja, bado. Na bodi inaanza na kete thelathini na mbili, dada."

Nikaomba karatasi na kalamu. Mie siamini kitu mpaka kipite mkononi mwangu. Mdogo wangu alinipa makadirio ya idadi ya mipangilio ya kete inayowezekana kwenye bodi: tarakimu moja ikifuatwa na sifuri arobaini na kitu. Nikaziandika sifuri zote. Nikachukua kompyuta milioni moja za kufikirika, kila moja inakagua mipangilio bilioni moja kwa sekunde, bila kulala, bila umeme kukatika, jambo ambalo kwa Dar es Salaam tayari ni imani. Nikagawanya. Nikapata miaka mingi kiasi kwamba umri wa dunia ukiuweka pembeni yake unaonekana kama dakika ya mapumziko. Nikafurahi, nikapiga kofi mezani, chai ikamwagika.

"Taratibu," akasema. "Usiende kusema haitawezekana milele. Hilo nalo hujui."

"Si umeona hesabu?"

"Nimeona. Ila si lazima upite kila njia ili ujue njia zinaishia wapi. Drafti hawakupita zote."

"Drafti gani?"

"Drafti ilishamalizwa, dada. Kompyuta zilifanya kazi miaka mingi. Wote wakicheza bila kosa, ni sare. Imeisha hiyo."

Nikaanza kutabasamu, kwa sababu nilikuwa najua kitu ambacho mdogo wangu hakukijua. Mwalimu wa taaluma ni mchezaji mkubwa wa drafti. Kila jioni akitoka shuleni hukaa kijiweni kwake Rangi Tatu, kwenye ubao uliochorwa kwa rangi ya mafuta, na vizibo vya soda, na sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Hebu nieleze sheria zake," nikamwambia mdogo wangu. "Hiyo drafti waliyoimaliza. Zote, moja moja."

Kikao kilichofuata nilikwenda na simu, bando la siku nzima, na projekta niliyoazima maabara. Sikungoja ajenda ya nne. Katibu alipomaliza kusoma muhtasari wa kikao kilichopita na Mkuu akauliza kama kuna marekebisho, nikanyoosha mkono.

"Ukurasa wa pili," nikasema. "Imeandikwa kwamba mchezo wa chesi umeshamalizwa na kompyuta. Naomba ifutwe, kwa sababu siyo kweli."

Miguno. Mwalimu wa michezo akasema, "Jamani, chai inapoa." Mkuu akasema nipewe dakika kumi.

Nikawasha projekta. Nikaweka kete saba ukutani na kuwaonyesha jibu la ghala: mweupe anashinda, hata mweusi afanye nini. Nikazibadilisha mara tatu, majibu yakaja mara tatu. Walimu wakaanza kusogeza viti. Mwalimu wa taaluma akasema kwa upole, "Si ndiyo hayo niliyosema?"

"Njoo uongeze moja," nikamwambia. "Yoyote, popote."

Alisita, akaja, akabonyeza simu yangu kwa kidole kimoja, akaweka farasi mweusi katikati. Ukutani pakaandikwa kwamba jibu halipo. Akamtoa, akaweka ngome. Halipo. Akaweka askari.

"Labda bando limekata," akasema, na safari hii waliocheka walimcheka yeye.

"Bando lipo. Kinachokosekana ni jibu. Kete ya nane tu, na tunaanza na thelathini na mbili." Nikawaeleza tofauti ya kushinda na kumaliza, kama nilivyoelezwa Kimara, bila mafumbo. Nikawaonyesha karatasi yangu ya sifuri.

"Lakini iko siku wataimaliza," akasema yeye.

Hapo ningeweza kudanganya. Midomo ilikuwa imeshafunguka. "Inawezekana," nikasema. "Sijui. Wewe pia hujui. Ndiyo maana siombi iandikwe kwamba haitaisha. Naomba isiandikwe kwamba imekwisha."

"Basi ni suala la muda tu. Mbona drafti ilishaisha? Hilo nalo nimelisoma."

Nilikuwa nimelisubiri hilo kwa wiki tatu. "Umelisoma? Kwa hiyo kila jioni pale Rangi Tatu huwa unacheza mchezo uliokwisha?"

Chumba kizima kikamgeukia. Akavua miwani. Nilimwona akitafuta njia, na nilimwona akiipata, na uso wake ukabadilika kabisa, ukawa uso wa mtu wa kijiweni.

"Aa, hapana! Hiyo waliyoimaliza si drafti yetu. Ile kingi wao anatembea hatua moja moja kama mgonjwa. Kingi wetu anaruka! Anatoka kona hii mpaka kona ile. Huo ni mchezo mwingine kabisa. Waje wajaribu wa kwetu kwanza, ndiyo watusemee!"

Alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa unachora hewani jinsi kingi anavyoruka. Nilimwacha amalize. Kisha nikakaa.

Mwalimu wa Kiswahili akafunika mdomo na daftari la muhtasari. Mwalimu wa taaluma akatazama kulia, akatazama kushoto, akagundua ameingia kingi mwenyewe, akarudi kitini taratibu.

Mkuu wa shule hakucheka. Aliandika kitu, kisha akasema, "Chumba kitakuwa cha kompyuta. Hilo halibadiliki, mzazi anazileta Ijumaa." Akanitazama kuona kama nitabisha. Sikubisha. "Na muhtasari urekebishwe. Mwalimu, tuambie maneno."

Nikayasema polepole ili katibu ayapate: "Kompyuta zinawashinda watu wote katika chesi, lakini hadi leo hakuna mtu wala kompyuta inayojua mwisho wa mchezo huo." Katibu akasema kuna tatizo la upatanisho wa kisarufi kati ya mtu na inayojua. Tukasahihisha na hilo pia. Akakata ile sentensi ya zamani kwa rula, Mkuu akaweka sahihi pembeni.

Mwenzangu mmoja aliniuliza baada ya kikao nimepata faida gani. Umepoteza chumba, akasema, umemuudhi mkubwa wako, na umebaki na mstari mmoja kwenye daftari ambalo hakuna atakayelifungua tena. Nikamjibu kwamba chumba walikihitaji, na wangenichukulia hata cha kulala ningevumilia. Lakini huwezi kuninyang'anya kitu kisha ukanitaka nikubali kwamba hakikuwepo. Hicho sikubali. Sikumkubalia baba yangu, sembuse mwalimu wa taaluma.

Ijumaa kompyuta zilikuja kweli, kumi, sita zikawaka. Jumatatu nilihamisha bodi zangu. Bodi mbili za plastiki zilivunjika kwenye kuhama, na wanafunzi walikuwa wameongezeka, maana ubishi wa walimu ni tangazo zuri kuliko bango. Walifika thelathini na watatu. Mwalimu wa taaluma hakutia mguu. Tunasalimiana vizuri, lakini chesi haitaji mbele yangu, wala mie simtajii drafti.

Tulipata korido ya nyuma ya jiko la shule, yenye sakafu ya saruji na kivuli kuanzia saa nane. Yule msichana mbishi ndiye aliyepiga magoti wa kwanza akaanza kuchora miraba kwa chaki, sitini na minne, akipima kwa rula yake ya darasani. Wengine wakafuata. Kete zilizopungua walizikata kwa makaratasi magumu ya maboksi, wakaandika juu yake: malkia, ngome, askari. Kwenye kuwachora farasi walishindwa, wakaandika farasi.

Wiki ya pili Mkuu alipita. Akasimama juu yetu, akatazama sakafu nzima ilivyojaa bodi kutoka mlango wa jiko hadi kwenye tangi la maji.

"Mwalimu, hii chaki?"

"Tutafuta, Mkuu."

"Mfute kweli. Wakaguzi wanakuja Alhamisi."

"Tutafuta."

Na tulifuta. Jumatano ile ile, saa kumi na moja, watoto thelathini na watatu na mie na madekio manne, tukaiacha saruji safi kama siku iliyomwagwa. Wakaguzi walipita Alhamisi wakasifu usafi wa korido. Jumatano iliyofuata nilileta boksi jipya la chaki kutoka nyumbani, nikainama mwenyewe, goti langu likalia, nikachora mstari wa kwanza.

Yule msichana alikuwa amekaa upande wa pili, kete zake za karatasi mkononi, anangoja nimalize.

"Mwalimu, leo nacheza nyeusi," akasema. "Na sitaki sare."